Mafundo Yaliyosogezwa

Tarehe 8 Januari

Kwa mjukuu wangu Sindano,

Huku sote wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Bibi yako anakusalimu. Anataka nikuandikie kwamba tumeibiwa kuku wawili. Si kweli. Ameibiwa mmoja, wa pili alijiondokea mwenyewe. Mama yako mwambie ile simu aliyoniletea ipo salama, nimeifungia sandukuni, na kila ikilia humo ndani bibi yako anafikiri ni panya. Mimi ni mtu wa barua. Barua haikukurupui. Yule dereva wa lori la mizigo, tunayemwita Breki kwa sababu gari lake halina, amekubali kutubebea kila akipita.

Sasa neno lenyewe. Kitambaa cha bluu kimefika. Nimeelewa kwamba kila mchezaji wa kikundi chenu amepewa kipande chake akatafute fundi. Umefanya jambo la akili kunitafuta mimi. Fundi jirani yangu ana cherehani ya umeme, inashona haraka, na nguo zake zinafumuka haraka vilevile. Mimi nilishona koti la kiongozi wa bendi, watu wakaacha kuupigia makofi muziki wakalipigia koti. Nilimshonea suti mtu mwenye bega moja juu na jingine chini, akaenda nayo nyumbani, mkewe akamuuliza, wewe ni nani mwenzangu.

Ila sitaki uniletee vipimo vya namba. Mimi na namba tulipishana mlangoni mwa shule, zenyewe zikiingia mimi natoka. Aliyenifundisha kazi alinipa uzi, na uzi unatosha. Humu nimekuwekea uzi wa katani. Ncha yenye doa jekundu ndiyo mwanzo. Jizungushie kiunoni, wewe mwenyewe, usimpe mtu akushikie. Pale unapokutana, funga fundo moja, ulikaze. Nyonga, mafundo mawili yaliyokaribiana. Mabega, matatu. Mkono, manne. Yaliyobaki nayajua mwenyewe. Ukutani kwangu kuna nyuzi za watu zaidi ya mia, kila mtu na msumari wake. Nafumba macho, nashika uzi, nakutajia ni nani na ana tabia gani.

Onyesho lenu ni Juni, kwa hiyo usinicheleweshe.

Mimi babu yako, fundi.

*

Tarehe 2 Februari

Babu, shikamoo, na Bibi shikamoo.

Sisi hatujambo. Mama bado yuko zamu ya asubuhi kiwandani, anarudi ananukia sabuni mpaka paka anapiga chafya. Mdogo wangu amepoteza meno mawili ya mbele na sasa anapiga mluzi hata akisema "asante". Anakuulizia kama unaweza kumshonea meno.

Uzi huu hapa. Samahani umechelewa, nilikuwa bado najipima.

Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, pale ukumbini. Tuko kumi na wawili. Mwalimu ameniweka mstari wa mbele, wa pili kutoka kushoto, kwa sababu anasema miguu yangu inasikia muziki kabla ya masikio. Ukumbi una vioo ukuta mzima upande mmoja, kwa hiyo ukikosea unajiona unavyokosea, na usipokosea unajiona pia. Muziki anatupigia fundi wa spika. Ni mtu wa utani sana, anamtania kila mtu, mimi ananitania zaidi. Basi.

Babu, gauni libane kiunoni. Libane kabisa. Kufikia Juni nitakuwa nimekaa sawa.

Mjukuu wako,
Sindano

*

Tarehe 12 Februari

Kwa Sindano,

Mdogo wako mwambie meno sishoni, lakini bibi yako anasema hata mimi nilikuwa napiga mluzi nilipomposa, na alinikubali. Goti linaendelea na msimamo wake. Kuku hajarudi.

Uzi wako nimeupokea, nikaushika, nikafumba macho kama kawaida yangu, nikaona watu wawili. Mabega ni ya msichana wa miaka kumi na mitano anayecheza dansi, mapana, mazuri, yamekaa. Mkono ni wa msichana huyohuyo. Nikafika kiunoni nikakuta mtoto wa darasa la nne. Nyonga nazo za mtoto wa darasa la nne. Nikasema, Breki amenyeshewa, uzi umelowa ukajikunja. Nikamuuliza Breki. Akasema njia nzima hakuona hata wingu. Bibi yako naye akasema kama ni mvua ingechagua vipi kulowesha kiuno ikaacha bega. Mwanamke huyu angekuwa hakimu.

Kwa hiyo kuna mtu alikushikia uzi akakosea. Si nilikwambia ujishikie mwenyewe? Nakuletea uzi mwingine. Upime upya.

Na usiwe na wasiwasi wa nguo. Nikimaliza mimi na hilo gauni, ukipanda jukwaani macho ya ukumbi mzima yatakuganda, hayatabanduka. Watu watasahau kupepesa. Nimeshona kwa ajili ya kutazamwa maisha yangu yote, na mjukuu wangu ndiye atakayetazamwa kuliko wote.

Babu yako, fundi asiye na mpinzani hadi njia panda.

*

Tarehe 19 Machi

Babu, shikamoo.

Mama hajambo. Mdogo wangu jino moja limeanza kuchungulia. Bibi mpe pole ya mgongo, Breki ametuambia.

Samahani kwa kukaa kimya. Uzi wa pili sikupima. Nimebadili mawazo. Naomba gauni liwe pana. Liwe pana kabisa, Babu, kuanzia juu mpaka chini, mikono mirefu, shingo ifike hapa kooni. Kama kitambaa hakitoshi, ongeza chochote cha bluu. Mwalimu nitamwambia ulikosea kukata.

Mbele nimetoka. Niliomba mwenyewe, sasa niko mstari wa nyuma, pembeni, karibu na mlango. Huko ni kuzuri, kuna hewa. Juzi nilikaa chini kidogo katikati ya mazoezi, kizunguzungu tu, sikuwa nimekula asubuhi. Wala mchana. Si kitu.

Yale ya kuganda kwa macho, tafadhali usifanye hivyo.

Mjukuu wako

*

Tarehe 26 Machi

Mjukuu wangu,

Mgongo wa bibi yako umepona, aliuponya kwa kunikasirikia. Yule kuku aliyejiondokea amerudi, tena na vifaranga saba, anapita mbele ya mlango kama mtu aliyetoka masomoni ng'ambo. Nimemwambia bibi yako, unaona, hakuibiwa. Anahesabu vifaranga.

Sasa nisikilize. Nilipopata barua yako niliukasirikia ule uzi, nikautupa kwenye kikapu cha vipande. Mimi kusemwa kwamba nimekosea kukata, tena kwa mwalimu nisiyemjua. Nilikaa siku mbili nimenuna. Siku ya tatu nikautoa, nikaunyoosha mezani karibu na dirisha, nikaupitisha kwenye kidole gumba polepole. Jambo hili nilipaswa kulifanya mwanzo, na sitaki limfikie fundi jirani.

Katani haisahau, mjukuu wangu. Ukifunga fundo ukalikaza, halafu ukalifungua, pale mahali hapanyooki tena. Panabaki kikunjo. Mbele ya fundo lako la kiuno, vidole vinne, nimekuta kikunjo. Mbele ya mafundo ya nyonga, vidole vitano, nimekuta vikunjo viwili vilivyokaribiana. Maana yake hakuna aliyekushikia. Ulijipima mwenyewe, ukajipima sawasawa, ukafunga pale pa kweli, ukakaza. Halafu ukakaa nao. Ukafungua kwa kucha, ukasogeza.

Sikulaumu. Watu wengi wamesogeza mafundo mbele yangu. Bwana harusi mmoja alisogeza. Polisi mmoja, tena mnene mwenye kitambi cha heshima, alisogeza huku ananitazama usoni nimkamate. Bibi yako alisogeza mwaka tuliooana na hadi leo anakana. Ila kuna wateja wa aina mbili. Kuna anayetaka nguo imbane ili aonekane mdogo, na kuna anayetaka gunia ili asionekane kabisa. Wewe umekuja kwangu Februari kama wa kwanza na Machi kama wa pili. Na mtu anayetaka gunia hakimbii kioo, anamkimbia mtu.

Ni nani?

Mkasi nimeutundika. Sitakata hata pindo mpaka unijibu. Ukaidi wangu unaujua. Mama yako alirithi nusu tu, na unamwona alivyo.

Babu yako

*

Tarehe 21 Aprili

Babu, barua hii usiisome kwa sauti. Najua unavyosoma. Tafadhali, kabla hujaendelea, nenda mahali pasipo na watu.

Nilikuwa nimeshaandika barua nyingine ya kusema hakuna mtu. Niliiandika mara tatu. Halafu nikaona utaipitisha kwenye kidole gumba hiyo nayo.

Ni fundi wa spika. Umri wake ni kama wa mama. Mwaka jana alikuwa anasema tu "wewe unajua kucheza", kama anavyowaambia wengine. Tangu niongezeke mwili anasema mengine. Anasema kwenye kipaza sauti, muziki ukiwa umesimama, ni wapi nimeongezeka, na kila mtu anacheka, na mimi nacheka kwa sababu sijui uso wangu ufanye nini mtu akisema hivyo. Alinipiga picha na simu yake nikiwa najinyoosha. Nikimwomba aifute anasema nitakuja kumshukuru. Mazoezi yakiisha anakaa mlangoni anasema atanisindikiza. Siku hizi natoka kwa dirisha la chooni, ni dogo, ndiyo maana pia nilitaka kupungua. Usicheke.

Nilimwambia mwalimu. Alisema ukiwa mchezaji mzuri lazima usemwe, nijifunze kuzoea, jukwaa ndivyo lilivyo. Wenzangu nao wanasema najisikia. Mmoja akasema kama sitaki kutazamwa si nipungue.

Kwa hiyo nikipungua naona atanyamaza. Nikijificha naona atanyamaza. Ndivyo nilivyokuwa nikihesabu. Ila nikiwa nyuma karibu na mlango ndiyo niko karibu na spika zake. Sikulifikiria hilo.

Na jingine, Babu, usikasirike. Tangu nina miaka sita unaniita Sindano na mtaa mzima unaniita hivyo. Sindano hainenepi. Kila mtu akiniita naangalia tumbo langu.

Mama usimwambie. Akijua atanitoa kwenye kikundi siku hiyohiyo, na mimi nikiacha kucheza sijui nitakuwa nafanya nini na miguu hii. Niahidi.

Mjukuu wako

*

Tarehe 26 Aprili

Mjukuu wangu,

Salamu zipo nyuma, leo naanza na kosa langu. Kusoma kimya sijui. Nikifunga mdomo herufi nazo zinalala. Niliingia stoo, nikajifunika kitambaa cha bitana kichwani, nikasoma kwa kunong'ona. Bibi yako alikuwa upande wa pili wa dirisha anaanika nguo. Nilipotoka akaniambia, "Mzee, wewe ukinong'ona ni kama mwenzako akihutubia." Kwa hiyo bibi yako anajua. Lawama ni yangu na nimeibeba.

Aliendelea kuanika. Kisha akasema, "Na wewe ulimwandikia macho yatamganda." Nilikwenda nikaketi kwenye cherehani, nikakanyaga bila uzi kwa muda mrefu. Nilidhani nakupa zawadi. Ni mara chache mimi kukosea, lakini nikikosea huwa si kidogo.

Jina nalo nimelichukua, nimelirudisha kwangu. Nilikuita hivyo kwa sababu ulikuwa mwembamba, na sikufikiri kwamba mtu anakua na jina halikui. Bibi yako nimemwambia, Breki nimemwambia. Fundi jirani nimemtumia mtu. Atakayekuita hivyo tena huku atajishonea mwenyewe.

Sasa hayo ya kupungua. Miaka yote hii nimepima watu, wale wenye mafundo ya kweli na wale wenye ya kusogeza. Sijaona hata siku moja mwili ukaufuata uzi. Uzi ndio unaoufuata mwili, na ukikataa, ni uzi mbovu unatupwa. Mabega yale niliyoyashika kwenye uzi wako hayawezi kukaa juu ya kiuno cha mtoto. Yangeanguka. Ulikaa chini katikati ya mazoezi, si ndiyo yalianguka?

Kuhusu huyo bwana. Aliyenifundisha kazi alinichapa siku moja tu, na ni siku niliyomwambia mteja, mama mmoja, kwamba ameongezeka. Alinichapa kwa rula ya mbao mbele ya mteja mwenyewe. Akasema, ukimpima mtu macho yako yana kazi, mdomo wako hauna. Na mikono haina. Ndiyo maana mteja wangu anajishikia uzi mwenyewe, hata akiwa ni bibi yako. Nimeona maumbo ya kila namna na hakuna mtu duniani anayejua kutoka kwangu nani ana kiuno gani. Hiyo ni kazi. Huyo naye ana kazi yake, ni nyaya. Atazame nyaya.

Hukuongezeka ili aseme, na ukipungua hatanyamaza, atasema umepungua.

Unataka niahidi. Siahidi. Ungekuwa umevunja chungu cha mama yako ningekaa na siri hiyo mpaka kaburini, na ninazo zake kadhaa. Lakini siri hii si yako. Ni ya huyo mwanamume, wewe unamtunzia tu, tena bila yeye hata kukuomba. Mwambie mama yako. Mwambie wewe, kwa maneno yako, kwa sababu yamekupata wewe. Breki anarudi huku tarehe kumi na mbili Mei. Akifika bila barua ya kusema mama anajua, nitapanda lori lake nije. Unajua mara ya mwisho kupanda gari ni lini. Mama yako alikuwa hajazaliwa. Nimekwishatoa koti, bibi yako amelipiga pasi.

Unaogopa atakutoa. Ni mwanangu, namjua. Alipokuwa na umri wako nilimkataza kusoma ufundi wa mashine za kiwanda, nikasema si kazi ya msichana. Alikaa juu ya paa la nyumba siku nzima mpaka nikakubali. Sidhani amesahau paa.

Babu yako

*

Tarehe 10 Mei

Babu, shikamoo. Bibi, shikamoo.

Mama anajua.

Nilimwambia Jumanne, kabla ya mazoezi, akiwa anachambua mchele. Niliongea nikimtazama vidole ili nisimtazame uso. Alichambua mpaka nikamaliza. Akafunika sinia, akavaa viatu, kimoja cheusi kimoja cha kahawia, sikuthubutu kumwambia, tukaenda ukumbini. Njiani aliniuliza, "Dirisha la chooni?" Nikasema ndiyo. Akatembea haraka zaidi.

Mwalimu alianza na yale ya jukwaa ndivyo lilivyo. Mama akamwambia, "Ngoja kwanza, Mwalimu." Akageuka akawauliza wasichana wote, kwa sauti ya kawaida tu kama anaulizia chumvi, kuna mwingine anayesemwa hivyo? Mmoja akainua mkono. Wakawa wawili. Wa tatu alikuwa yule aliyeniambia nipungue. Alikuwa analia, Babu. Mwalimu akakaa chini kwenye jukwaa, sakafuni kabisa, akasema hakujua. Mama akasema, "Huyu alikwambia." Mwalimu akasema ndiyo, aliniambia.

Fundi wa spika akasema ulikuwa utani. Mama akamwambia arudie utani mmoja, wowote, hapo hapo, ili na yeye acheke. Alitafuta. Hakuupata. Mwenye ukumbi aliitwa, picha zikafutwa mbele yake, kumbe zilikuwa nyingi na si zangu peke yangu. Siku ya pili mama na wazazi wengine wawili walikwenda polisi wakaandikisha. Haji tena. Muziki sasa unapigwa kwa redio ya mlinzi, ina ukubwa wa tofali na inakoroma, tukiruka wote kwa pamoja inabadilisha stesheni.

Mama hajanitoa. Anakuja mazoezini akitoka zamu, anakaa kwenye kiti nyuma, anasema analinda. Dakika tano anakuwa amelala, mdomo wazi. Nilimuuliza kuhusu paa. Akasema lilikuwa la moto.

Usije na lori. Breki mwenyewe anasema usije.

Mjukuu wako

*

Tarehe 20 Mei

Mjukuu wangu,

Huku wazima. Nimepokea barua siku ile ya tarehe kumi na mbili nikiwa nimeshavaa koti, nimeketi barabarani juu ya sanduku tangu asubuhi, watu wote wa mtaa wameshaniaga. Nimelazimika kurudi nyumbani mbele ya macho yao. Fundi jirani ameniuliza safari ilikuwaje. Nimemwambia fupi.

Mama yako mwambie nimesikia habari za viatu. Mwambie... hapana, nitamwambia mwenyewe, nimemwomba bibi yako afungue sanduku atoe ile simu. Haiwaki. Breki anasema inataka kulishwa umeme.

Gauni hili hapa. Nimeufuata uzi pale pa vikunjo, si pale pa mafundo. Gunia sikushona, kwa sababu mimi sijui kushona gunia, na nguo ya kubana pumzi sikushona, kwa sababu mchezaji anapumua. Shingo ni ya wastani. Mikono mirefu nimeitengeneza ya vifungo, inavaliwa na kuvuliwa. Ukitaka kujifunika una mikono, hutaki, ing'oe uiache chumbani, na usimweleze mtu sababu, hata mimi.

Bibi yako amenikataza kukuuliza kama unakula. Anasema msichana akiulizwa hivyo kila siku chakula kinageuka mtihani. Basi sikuulizi. Unakula?

Babu yako, fundi.

*

Tarehe 17 Juni

Babu na Bibi, shikamooni.

Nakula. Bibi anasema kweli, usiulize tena.

Ilikuwa jana. Mlinzi alikataa kutuazima redio yake kwa onyesho, akasema sifa tutachukua sisi na yeye atabaki bila taarifa ya habari, lakini mwenye ukumbi alileta fundi mwingine wa muziki, mama mtu mzima mwenye miwani ambaye hakutazama kitu kingine isipokuwa vitufe vyake. Mama alikaa mstari wa tatu na mdogo wangu, na safari hii hakulala. Naambiwa alisimama kabla hata hatujaanza na watu wa nyuma wakamwomba akae, akawakatalia.

Gauni lilinikaa. Nilijiangalia kwenye vioo vya ukumbi kabla ya watu kuingia, kwanza kwa mbele, halafu kwa ubavu, upande ule ambao nimekuwa nikijiangalia na kujichukia. Sitakudanganya, Babu. Bado nilitafuta kasoro. Bado kuna siku naamka natafuta. Ila jana nilitafuta nikaona gauni la bluu lenye mtu ndani, basi, nikaenda kufunga nywele. Mikono niliivaa. Wala si kwa kujificha, palikuwa na baridi. Wimbo wa pili nikaing'oa.

Nilirudi mbele, wa pili kutoka kushoto. Mwalimu hakunirudisha, nilimwambia narudi, akasema pako pale. Yule mwenzangu wa kulia alinishika kidole kidogo kabla ya taa kuwaka, hatujawahi kuwa marafiki, na bado sidhani kama sisi ni marafiki, lakini alinishika.

Katikati ya wimbo wa tatu, kwenye ile zamu ya kuzunguka mara nne, mtu mmoja kwenye viti akapaza sauti akanitaja kwa rangi ya gauni. "Wewe wa bluu!" Sote tulikuwa wa bluu, lakini nilijua ni mimi. Halafu akasema neno. Mdogo wangu anasema lilikuwa zuri. Jirani yetu anasema lilikuwa baya na mama alimgeukia huyo mtu kwa jicho lililomfanya ainuke ahame kiti.

Wewe ungetaka kujua ni neno gani. Mimi siwezi kukwambia. Nilikuwa kwenye mzunguko wa tatu nikihesabu, tano, sita, saba, na mguu wa kushoto ulitakiwa utue kwenye nane.

Ulitua.

Mjukuu wako